UKIFUKUZWA NA MBWA MBINGA, SHUKA KWENYE BAISKELI!

Watu wa mjini tunadhani tunawajua mbwa. Tunamjua yule wa getini kwa tajiri, anayeogeshwa kwa shampuu na kula nyama kuliko mlinzi wake. Tunamjua pia yule koko wa jalalani, ambaye ukipiga mguu chini tu anatoka nduki. Msomaji wangu, hao bado. Panda basi uende Songea, unganisha hadi Mbinga, azima baiskeli ya Phoenix yenye keria nyuma, kisha acha lami na ushike njia ya vumbi ya kuelekea vijijini. Kabla hujamaliza kilima cha pili utakuwa umeonana na mbwa mwenyewe.

Anatoka kwenye migomba bila kupiga honi. Humwoni, unasikia tu makucha kwenye changarawe. Halafu ni meno, na meno hayo yanautafuta mguu wako ule ulio chini kwenye pedeli. Hapo hata bingwa wa mtaa anasahau breki iko upande gani.

Nilizunguka huko kwa baiskeli karibu wiki tatu, kutoka milima ya Umatengo hadi mwambao wa Ziwa Nyasa: Litembo, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay. Nilifukuzwa mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Ila niliuliza sana, maana wenyeji wanapita njia hizo kila siku na gunia la mahindi au tenga la dagaa kwenye keria, na wanafika salama. Wana siri gani? Leo nakumegea.

MBWA WA JUU NA MBWA WA CHINI

Kwanza ujue kwamba huko kuna mbwa wa aina mbili. Wa juu ni wale wa Umatengo, kwenye miteremko ya mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki ili mvua isichukue udongo. Mbwa hawa wana kazi. Wanalinda mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe pori, na msimu wa kahawa wanalinda kahawa inayoanikwa nje. Hawachezi na mtu.

Wa chini ni wa mwambao, kwenye Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Huko ziwa liko karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, jua linachoma, na mbwa wanalala mchana kutwa chini ya miembe wakingoja mabaki ya samaki. Ukiwaona utasema hawa wamekufa. Thubutu! Pita na baiskeli uone wanavyofufuka, tena kwa kundi.

Pale Liuli, Agosti 1914, meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wakati huo Wajerumani waliita mahali hapo Sphinxhafen. Wenyewe walishtukizwa, hawakujua hata kama vita imeanza. Mimi nilipopita hapo na baiskeli yangu niliwaelewa vizuri sana.

KWA NINI BAISKELI?

Mtu anayetembea kwa miguu mara nyingi anabwekewa tu. Mwenye baiskeli anafukuzwa. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni damu. Mbwa ametokana na mbwa mwitu, mnyama anayekula kwa kukimbiza. Kitu chochote kinachokwenda kasi na kumpa mgongo kinamwamsha yule mwindaji wa zamani. Hafikirii. Miguu inakimbia kabla ya kichwa.

Ya pili inachekesha kidogo. Mbwa analinda mpaka wake. Wewe unakuja, anakubwekea, anakukimbiza, wewe unaondoka zako. Ulikuwa unaondoka tu, lakini yeye hajui! Anaona amekushinda. Kesho unapita tena, anakushinda tena. Baada ya mwezi mmoja ameshakuwa jemadari, na ushindi wote umempa wewe kwa kukimbia.

Usidhani ni tatizo la Mbinga peke yake. Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, waendesha baiskeli walisumbuliwa na mbwa mpaka fundi wa bunduki aitwaye Galand akatengeneza bastola ndogo ya mfukoni. Iliitwa Velo-Dog, yaani baiskeli na mbwa! Sisi hatuna haja ya kufika huko.

FANYA HIVI

1. Usishindane mbio. Mbwa wa kijijini mwenye afya anaweza kupita kilomita 30 kwa saa kwa mwendo mfupi. Wewe na gunia lako kwenye mlima wa Umatengo, hata 10 hufikishi. Kwenye mteremko unaweza kumwacha, lakini akiingia kwenye tairi la mbele utaruka juu ya usukani. Wengi wanaoumia huko wanaumizwa na kuanguka, mbwa mwenyewe hajawagusa.

2. Punguza mwendo, simama, shuka. Najua unasema mwandishi amechanganyikiwa. Jaribu! Ukishuka, kile kitu kinachokimbia kinapotea na anabaki mtu. Mbwa wengi hapo hapo wanafunga breki.

3. Weka baiskeli katikati yenu. Hiyo ndiyo ngao yako. Akizunguka kushoto, nawe zungusha baiskeli kushoto. Usimkodolee macho, kwake huo ni ugomvi, ila usimpe mgongo.

4. Salimia wenye nyumba. Hii ndiyo siri kubwa niliyopewa na mzee mmoja njia ya Litembo. Paza sauti: "Hodi jamani! Shikamooni!" Mwenye mbwa akiitikia kutoka jikoni, mbwa anasikia sauti ya bosi wake haina wasiwasi, anapoa. Tena akikutajia jina la mbwa, lishike. Mbwa wa huko wana majina ya mafumbo, majirani wanasemana kupitia mbwa. Nilikutana na Tutaonana, na mwingine anaitwa Hayakuhusu. Siku ya pili nilipita nikiita, "Hayakuhusu, vipi?" Akatikisa mkia. Kweli hayakumhusu.

5. Asiposikia, inama kama unaokota jiwe. Karibu kila mbwa wa kijijini anaijua lugha hiyo, hata kama chini hakuna jiwe. Usirushe bila sababu. Chupa ya maji nayo inafaa, mwagia usoni.

6. Usipige teke ukiwa juu ya baiskeli. Utakuwa umempelekea mguu mdomoni, na mwenyewe utaanguka.

7. Akitulia, sukuma baiskeli polepole mpaka uvuke mpaka wake, ndipo upande. Na ikitokea umeangushwa, jikunje, funika shingo na masikio kwa mikono, usipige kelele.

MWENYE MBWA NAYE ANASEMA

Nilimuuliza mama mmoja huko juu kwa nini hamfungi mbwa wake. Akaniangalia kama mtoto. "Mwanangu, nikimfunga, nyani utawafukuza wewe?" Nikakosa jibu. Akaongeza kwamba vijana wanaopita na pikipiki wanamrushia mawe mbwa akiwa amelala, halafu akiwa mkali wanalalamika. Mbwa aliyepigwa na mwenye magurudumu mawili hachagui tena, kila mwenye magurudumu mawili ni adui. Kwa hiyo ukirusha jiwe leo ukapita zako, atakayelipa ni mwanafunzi anayepita kesho na baiskeli ya baba yake.

UKING'ATWA, UTANI UNAKWISHA

Hapa naomba tuache kucheka. Kuna ugonjwa unaitwa kichaa cha mbwa. Virusi vyake vinakaa kwenye mate, vinaingia kwa jeraha na kusafiri kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Mara nyingi vinachukua miezi miwili au mitatu kabla ya dalili, lakini inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Dalili zikishaanza, yaani mtu anaogopa maji, anaweweseka, karibu kila mmoja hufa. Duniani wanakadiriwa kufa watu 59,000 kila mwaka, na karibu 40 kati ya kila 100 ni watoto chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyotoka mwaka 2002 yalikuwa karibu watu 1,500 kwa mwaka.

Kwenye kijiji kimoja cha mwambao nilizungumza na dada mmoja anayeuza dagaa. Mdogo wake wa miaka kumi na moja aling'atwa kwenye muundi akitoka kuchota maji. Kidonda kidogo tu, kama mwiba. Majirani wakasema paka majivu, kitapona. Wengine wakataka mbwa auawe azikwe, yaishe. Dagaa wake wote walikuwa mchangani wanakauka na wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani. Mtaji wote ule pale!

Dada yule aliosha kidonda kwa sabuni na maji, akampakia mdogo wake kwenye keria, akaondoka kwenda hospitali. Mvua ikanyesha, dagaa wakaharibika. Huku nyuma mzee mmoja akakataza mbwa asiuawe, akamfungia bandani. Siku ya tano mbwa akaacha kula, mate yakawa yanamtoka. Siku ya saba alikufa. Mtoto wakati huo alishaanza sindano.

Nilimwona mtoto huyo akicheza mpira ufukweni. Dada akaniambia, "Kaka, dagaa wanarudi kila mwezi." Sikuwa na la kuongeza.

Basi shika haya. Ukitoka damu au ukikwaruzwa tu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake majivu, wala pilipili, wala oili chafu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe, na umalize sindano zote kwa tarehe utakazopewa. Zile hadithi za sindano nyingi za tumboni ni za zamani, siku hizi unachomwa mkononi. Na chanjo hii si kitu kipya, mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, alichomwa chanjo ya Louis Pasteur Julai 1885, na mtoto akaishi. Mbwa mwenyewe, kama anaweza kushikwa kwa usalama, afungiwe na aangaliwe siku 10. Ila wewe usingoje siku hizo ziishe ndipo uende!

Na nyie wenye mbwa, mwenyeji na wa mjini, chanjo ya mbwa ni ya kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Kuna hata Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, ambapo sehemu nyingi mbwa huchanjwa. Muulize bwana mifugo wa kata yako, asikukwepe.

Kwa hiyo ukienda Mbinga na Nyasa, nenda bila woga. Milima ni mizuri, ziwa ni zuri, na ukipewa ugali na samaki wa pale Mbamba Bay utasahau mjini. Kwenye begi weka pampu, viraka vya tairi, chupa ya maji na kipande cha sabuni ya kufulia. Na Tutaonana akikutokea njiani, usimwonyeshe kwamba una haraka. Shuka, salimia wenye nyumba, mwambie mtaonana.