Adrenalini na kubana kwa mji wa mimba: Mambo ya kufahamu baada ya mama kujifungua

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vitokanavyo na uzazi duniani. Mara nyingi chanzo chake ni mji wa mimba kushindwa kubana.

Kondo la nyuma linapotoka, mishipa ya damu iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Nyuzi za misuli ya mji wa mimba zilizoizunguka mishipa hiyo hujikaza na kuifunga. Misuli ikilegea, damu huendelea kutoka.

Kichocheo kikuu cha mkazo huo ni homoni ya oksitosini. Hata hivyo, adrenalini na noradrenalini, ambazo mwili huzitoa kwa wingi wakati wa hofu au maumivu makali, nazo zina mchango. Seli za misuli hiyo zina vipokezi vinavyozipokea, mfano wa kufuli na ufunguo wake. Vipokezi vya alfa vikichochewa, kalsiamu huongezeka ndani ya seli na misuli hubana. Vipokezi vya beta-2 vikichochewa, misuli hulegea. Noradrenalini huelekea zaidi kwenye alfa, ilhali adrenalini huchochea vyote, na kupitia beta-2 huweza kupunguza nguvu ya mikazo.

Kanuni hiyo hutumika pia katika tiba. Dawa zinazochochea beta-2, kama vile salbutamoli, zimetumika kutuliza uchungu unaoanza kabla ya wakati. Mjamzito aliyepewa dawa hizo anapaswa kumweleza mkunga. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta bila ushauri wa daktari.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mjamzito awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu, jambo linalosaidia kumpunguzia hofu. Lakini utulivu hauchukui nafasi ya dawa: Shirika hilo linapendekeza pia kila mzazi apewe dawa ya kubana mji wa mimba mara mtoto anapozaliwa, ikiwemo oksitosini uniti 10.

Mzazi ambaye pedi yake inalowa damu kwa haraka, anayehisi kizunguzungu au ambaye moyo wake unakwenda mbio, afikishwe katika kituo cha afya bila kuchelewa.