Tui Linalokatika

Kopo lenyewe halina makosa. Limepangwa kwenye rafu ya duka moja la Darajani, mjini Unguja, baina ya maziwa ya unga na nyanya za kopo, na picha yake ya nazi iliyovunjwa inavutia macho. Lililomkaa rohoni mwandishi wa makala haya ni maandishi madogo ya upande wa nyuma: nazi, maji, E412, E435, E466, E223. Limetengenezwa Thailand. Nje ya duka hilohilo, hatua chache tu, nazi zilizofuliwa zimerundikwa chini, na muuzaji anazitikisa moja moja karibu na sikio la mteja ili asikie maji.

Si ajabu kitu cha mbali kuuzwa penye cha karibu. Biashara ina njia zake. Kilichosumbua ni zile namba. E412 ni gamu ya guar, unga wa mbegu za mmea wa jamii ya kunde, unaotia uzito. E466 ni selulosi iliyobadilishwa kiwandani. E435 hushikanisha mafuta na maji. E223 ni chumvi ya salfa inayozuia tui lisipoteze weupe wake. Ukiiweka kando hiyo ya mwisho, zilizobaki zina kazi moja: tui lisikatike.

Aliyewahi kupika mchuzi wa nazi hahitaji kuelezwa kukatika. Unageuka kidogo kumjibu mtu mlangoni, unarudi, mafuta yamepanda juu na chini pamebaki maji yenye chembechembe. Chakula hakijaharibika, kinalika, lakini uso wake umekwisha kuonekana na kila mgeni atajua mpishi hakuwapo.

Sababu imo ndani ya nazi yenyewe. Nyama ya nazi iliyokomaa ni mafuta kwa karibu theluthi moja ya uzito wake. Inapokunwa na kukamuliwa, mafuta hayo hutoka yakiwa matone madogo sana yanayoelea majini, na kila tone limevikwa utando mwembamba wa protini. Utando ndio unaoyazuia matone yasiungane. Moto ukifika kiasi cha nyuzi 80, protini huanza kuganda, utando hulegea, matone hukutana. Mwiko usiotulia huyatawanya kabla hayajashikana. Ndimu na ukwaju nao huligandisha tui, ndiyo maana wapishi wa pwani hutanguliza tui jepesi na kutia lile zito mwishoni, moto umeshapunguzwa. Kopo halina mtu wa kulikorogea. Likishafungwa hupikwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 100 ili lidumu miezi mingi bila kuharibika, kisha husafirishwa baharini. Hapo ndipo zile namba zinapohitajika.

Bi Mkubwa, kama anavyoitwa mtaani kwake Ng'ambo, hakupenda jina lake kamili litoke gazetini. Amekuwa akipika mikate ya kumimina ya Sikukuu tangu msichana, kwanza akimsaidia mama yake, baadaye kwa nyumba yake mwenyewe, na sasa kwa majirani wanaoanza kuleta oda kumi la mwisho la Ramadhani likiingia. Baada ya shikamoo na marahaba, aliliomba kopo, akaliinua kwenye mwanga, akalisoma lote, akalirudisha.

“Hili unaliacha motoni, unakwenda kuzungumza na jirani, unarudi unalikuta vilevile,” alisema. “Sasa mwanangu, utajuaje kama umekosea?”

Kwake yeye tui linalokatika ni tui linalosema. Linasema moto umezidi, au mwiko umesahauliwa, au ndimu imetangulia. Msichana anayejifunza kupika kwa tui la aina hiyo hufunzwa na sufuria yenyewe, hata mama yake akiwa hayupo jikoni. Tui lisilokatika humuacha gizani, na Bi Mkubwa analiona hilo kuwa hasara kubwa kuliko ladha. Kisha akaivuta mbuzi yake kutoka uvunguni.

Kibao chake kimelainika kwa kukaliwa, na ulimi wa chuma umeliwa kidogo upande mmoja, upande wa mkono wake wa kulia. Nazi anachagua mwenyewe. Koroma haitaki; nyama yake bado laini na mafuta hayajatimia. Iliyoanza kuweka joya nayo haitaki, kwa kuwa chipukizi imekwisha kula sehemu ya nyama. Anaishika nazi kiganjani na kuigonga kiunoni kwa mgongo wa panga, anaizungusha, anagonga tena, mpaka inaachia mara moja vipande viwili karibu sawa. Maji anayakinga kwenye kikombe na kuyaonja kabla ya kufanya lolote. Yakiwa na ukali, nazi nzima inakwenda nje.

Kukuna kwenyewe kuna utaratibu. Anaanzia ukingoni, akiuzungusha mkono kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka, na nazi inadondoka kwenye sinia ikiwa nyepesi na nyeupe. Hakwanguli. Anayekwangua kwa nguvu hutoa vipande vinene ambavyo havikamuliki vizuri, na mafuta hubaki kwenye chicha. Wala hafiki chini kabisa. Pale nyama inapokutana na kifuu kuna ngozi ya kahawia, na ikiingia kwenye sinia tui linakuwa jeusijeusi. Haangalii, anasikiliza. Sauti ya nazi ni laini, na ikianza kuwa kavu anajua meno yamekaribia ngozi, anasogea pengine. Kifuu kilichomaliza kazi mikononi mwake ni safi upande wa ndani, na rangi ya kahawia imebaki palepale ilipoota.

Nyumba nyingi za mjini leo zinakamulia kwenye chujio la plastiki au kitambaa. Yeye bado ana kifumbu cha kusukwa, na anakikosha mara tu baada ya kazi, kwa sababu mafuta yakilala ndani yake hutoa harufu. Maji ni ya vuguvugu, kidogo sana mara ya kwanza. Anafinya taratibu kuanzia juu kushuka chini, anapumzika, anafinya tena. Kinachotoka ni kasimile, zito kiasi cha kuacha alama kwenye kidole. Linawekwa kando na kufunikwa. Anaongeza maji, linatoka tui la kupopolea, la kupikia wali au kuivishia kunde kabla ya kasimile kutiwa. Chicha inakwenda kwa kuku.

Mkate wa kumimina, ambao Mombasa na Lamu wengi wanauita mkate wa sinia, unataka kasimile peke yake. Mchele umelowekwa tangu usiku. Unasagwa pamoja na tui, hamira na hiliki, halafu unaachwa ufure. Sukari na ute wa yai vinafuata. Sufuria iliyopakwa mafuta inapashwa, uji unamiminwa, makaa machache yanabaki chini. Vitundu vikishajaa juu na kingo zikianza kuachia, anapalia makaa juu ya mfuniko ili uso upate rangi.

Mchele anausaga kwa blenda. Anasema hivyo bila kujitetea. Hamira ni ya pakiti na sukari ni ya dukani kama ya kila mtu. Kwa hiyo asidhaniwe kuwa anakimbia kila kilichopita kiwandani. Mpaka wake uko mahali pengine. Anatumia vitu anavyoweza kuvionja kimoja kimoja kabla ya kuvichanganya. Sukari anaweza kuionja, samli anaweza kuinusa. Zile namba za nyuma ya kopo hajui zina ladha gani, na hakuna muuzaji wa Darajani anayeweza kumuuzia kijiko kimoja ajaribu.

Mpaka huo unakaribiana sana na ule uliochorwa na Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, waliopendekeza mwaka 2009 vyakula vipangwe kwa kiasi cha usindikaji wake. Sukari, chumvi na mafuta ya kupikia wameviweka kundi la viungo vya jikoni. Kundi lao la mwisho ni la vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na alama mojawapo ya kulitambua ni kuwamo kwa vitu ambavyo hakuna jiko la nyumbani linaloviweka. Mwaka 2014 Brazil iliingiza fikra hiyo katika mwongozo wake wa taifa wa lishe. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwalisha watu 20 vyakula vya aina hiyo kwa wiki mbili na vya kawaida kwa wiki mbili nyingine, wakiwaachia wale watakavyo. Walipokuwa kwenye vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku.

Na zile namba? Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Benoit Chassaing, Andrew Gewirtz na wenzao, ambao waliwapa panya E466 na polisobeti 80, ndugu wa karibu wa ile E435 iliyo kwenye kopo. Bakteria wa utumbo walibadilika, uvimbe ukaonekana, panya wakanenepa. Panya si watu, na mamlaka za chakula zinaruhusu viungo hivi kwa viwango maalumu. Anayefungua kopo moja kwa ajili ya Sikukuu hana sababu ya kukosa usingizi. Anayelifungua kila siku, pamoja na mkate wa pakiti, soseji na aiskrimu ambavyo mara nyingi vina viungo vya jamii hiyohiyo, jumla yake anaijua nani? Hilo limebaki swali.

Upande wa pili nao usemwe. Sukari ya nyumbani ni sukari. Mkate mmoja wa Bi Mkubwa unachukua kikombe kizima, karibu gramu 200, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke kiasi cha gramu 50 kwa siku. Asubuhi ya Sikukuu watoto wanazunguka nyumba hadi nyumba kutafuta mkono wa Eid, na kila nyumba ina sahani ya vileja, visheti, kaimati na tambi. Kupikwa na bibi hakuvipunguzii utamu. Bi Mkubwa ana ndugu wenye kisukari na analijua hilo vizuri. Kwa ajili yao hutenga bokoboko, ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikashikana, na sukari hawawekei mezani.

Katika mkate, kwa kweli, tui halina nafasi ya kukatika, kwa kuwa wanga wa mchele umelishika. Basi kwa nini asitumie kopo, akaokoa mgongo wake? Aliulizwa hivyo, akajibu kuwa amewahi kujaribu, mwaka ambao nazi zilipanda bei. Mkate ulifura, uliiva, uliliwa. Kilichokosekana ni harufu. Anasema nazi ya kopo inanuka kitu kilichokwisha kupikwa, na tui bichi ndilo linaloupa mkate ile harufu inayomfanya mpita njia asimame dirishani. Joto la kiwandani linaeleza mengi ya tofauti hiyo, ingawa pua yake haikungoja maelezo.

Mgongo lakini ni jambo zito. Usiku wa kuangalia mwezi, nyumba zikiwa macho, yeye yuko kwenye kibao kile kifupi, magoti juu, akikuna nazi baada ya nazi. Mjukuu wake wa kike anafanya kazi dukani mpaka jioni na akirudi amechoka. Anakuna mbili, anasinzia. Huyo akija kuwa na nyumba yake atanunua kopo, na nani atamlaumu? Maneno matamu kuhusu chakula cha asili huwa rahisi kwa asiyekaa kwenye mbuzi, na wanaoyasema kwa sauti kubwa mara nyingi ndio wanaoletewa sahani.

Bi Mkubwa ana jawabu lake. Mnazi wanapanda wanaume. Nazi wanaziangua wanaume, wanazifua wanaume, sokoni wanaziuza wanaume. Kwenye harusi kubwa, masufuria ya biriani yanakorogwa na wanaume na watu wanawasifu kwa majina. “Nazi ikivuka mlango wa jikoni tu,” aliuliza, “mikono yao inapotelea wapi?” Wajukuu wake wa kiume watatu walikuwa barazani wakati huo. Mmoja alisikia, akaingia, akachukua nazi moja akaenda kuivunja. Aliivunja vibaya na maji yakamwagika, lakini alikaa akakuna mpaka ikaisha.

Sikukuu ikikaribia, basi, ukilazimika kununua kopo, ligeuze kwanza. Yapo yenye nazi na maji tu, na utayajua hata baada ya kuyafungua kwa sababu tui lake hujitenga: zito juu, maji chini. Hilo si kuharibika. Tikisa, tia, koroga. Na kama nyumbani kwenu nazi inakunwa, msimwachie mtu mmoja. Enyi vijana wa barazani, mpokeeni mama mbuzi. Nazi mbili hazimalizi nusu saa.