Huna Land Cruiser? Anza na mwewe wa Uhuru Park

Ukiambia watu wa Nairobi kwamba wewe hupiga picha za wanyamapori, wanakuangalia viatu kwanza. Wanataka kujua ganji unatoa wapi. Kichwani mwao mpiga picha wa wanyama ni mzungu mwenye kofia pana, amesimama juu ya Land Cruiser kule Maasai Mara, lenzi yake ndefu kama mkono wa mtu mzima. Mimi hutoka Kawangware na matatu ya 46. Kamera yangu hukaa ndani ya mkoba wa shule uliopauka, na wanyama wangu wengi nawapata bila kuvuka mpaka wa kaunti.

Na si utani, hili jiji limejaa wanyama. Ukifika tauni inua macho. Mwewe huzunguka juu ya Uhuru Park na katikati ya majengo wakitafuta cha kunyakua. Karibu na Uwanja wa Nyayo, marabou, yule ndege mkubwa mwenye kipara na mfuko shingoni, husimama juu ya migunga kama wazee wa baraza. Akikunjua mabawa, upana wake unaweza kupita mita mbili na nusu. Pale Arboretum, kando ya barabara ya State House, kima wamezoea watu kiasi kwamba watakunyang'anya mandazi. Na kama unaishi Lavington au Kileleshwa, hadada hukuamsha kabla ya alamu ya simu.

Halafu kuna Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Ilianzishwa mwaka wa 1946, ikiwa ya kwanza nchini, na ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba. Simba wapo, vifaru wapo, ila ndovu hakuna. Shida ya wengi wetu ni gari, kwa sababu huruhusiwi kutembea kwa miguu isipokuwa katika sehemu chache zilizotengwa. Dawa ni kuchanga. Tafuteni watu watano au sita, mkodi gari la mtu mnayemjua, mgawane gharama. Mkiwa ndani, mtaona kile ambacho hata Mara haina: twiga amesimama mbele, maghorofa ya Upper Hill nyuma yake.

Kununua mtumba bila kulia

Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kugoma, kwa hivyo kamera mpya ya dukani haikuwa kwenye mpango. Nilinunua Canon iliyotumika kwa KSh25,000, na baadaye lenzi ya milimita 55-250. Kihisi cha kamera hizi za bei ya chini ni kidogo, na hapo ndipo maskini hupata afueni. Kwa Canon za aina hiyo unazidisha urefu wa lenzi kwa 1.6, kwa hivyo milimita 250 zinakupa mtazamo wa milimita 400. Kwa mwewe wa mjini hiyo inatosha kabisa.

Ukienda kutafuta ya kwako, iwe ni Luthuli, Moi Avenue au kwa mtu wa mtandaoni, usikimbilie bei. Toa lenzi, washa tochi ya simu na umulike upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Ukiona kitu kama utando wa buibui, huo ni ukungu wa unyevunyevu, achana nayo. Funga tundu la lenzi hadi f/16, piga picha ya ukuta mweupe kisha uivute. Madoadoa meusi ni vumbi kwenye kihisi, na hilo fundi analisafisha. Uliza pia kamera imebofywa mara ngapi, kwa maana shata huchakaa kama tairi la bodaboda. Nyingi za daraja hili hukadiriwa kufika mibofyo 100,000 hivi.

Mwisho, chukua risiti yenye nambari ya kamera na jina la muuzaji. Muuzaji akianza kujikuna kichwa ukitaja risiti, mshukuru na uondoke. Kupatikana na mali ya wizi ni kesi, hata kama ulilipa kwa jasho lako.

Mwanga wetu hauna subira

Sisi tuko karibu sana na ikweta. Jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu na kupanda moja kwa moja kama lifti. Ule mwanga wa dhahabu unaouona kwenye picha za watu haudumu. Kufikia saa tatu asubuhi kila kitu kina kivuli kikali na ndege mweusi anageuka kuwa doa tu. Kwa hivyo amka mapema, ama ungoje jioni. Lakini usidharau zile siku za Julai zenye mawingu. Mwanga wake ni mpole, na manyoya ya marabou huonekana moja moja.

Kwa ndege anayeruka, anza na kasi ya shata ya 1/1000, weka fokasi ya kufuatilia, halafu acha ISO ipande. Chengachenga kidogo ni afadhali kuliko mwewe aliyegeuka moshi.

Simba wa kuongezwa

Kwenye kuhariri ndiko pesa na ukweli hugombana. Mimi hupiga kwa faili la RAW kwa sababu linabeba habari nyingi za mwanga kuliko JPEG. Lightroom hulipiwa kila mwezi, lakini darktable ni ya bure kwenye kompyuta na Snapseed ni ya bure kwenye simu. Napunguza kingo, nainua vivuli, natoa doa la vumbi, basi. Nyasi zikishaanza kung'aa kama soda ya kijani, ujue umepitiliza.

Kuna mteja mmoja aliyependa picha yangu ya pundamilia na maghorofa nyuma yake. Akaniambia, "Bro, hapo pembeni ongeza simba, nakulipa mara mbili." Simba mwenyewe angetokea kwenye mtandao. Nilikataa, na kodi ya nyumba mwezi huo niliilipa kwa kupiga picha za harusi Uthiru.

Si kujifanya mtakatifu. Picha ya mnyama ni kama ushahidi, na ukishadanganya mara moja hakuna atakayeamini zile nyingine. Waulize wa shindano la Wildlife Photographer of the Year kule London. Mshindi wa mwaka wa 2009 alinyang'anywa tuzo baada ya majaji kuamua kwamba mbwamwitu wake huenda alikuwa wa kufugwa. Mwaka wa 2018 picha nyingine iliyokuwa imeshinda iliondolewa, kwa kuwa mnyama aliyeonekana akila mchwa alionekana kuwa wa kukaushwa na kujazwa pamba. Siku hizi ambapo kompyuta hukuchorea simba kwa sekunde, picha halisi ndiyo imekuwa adimu.

Kwa nini ujali

Hawa wanyama wa jiji hawajahakikishiwa makao. Uhuru Park ipo leo kwa sababu mwaka wa 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani yake. Mbuga yetu imezungushiwa ua pande tatu, upande wa kusini ndio umebaki wazi kwa wanyama kutoka na kuingia, na reli ya SGR inapita juu yake kwenye daraja refu. Barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa, miti ilikatwa. Lakini Novemba 2020 ule mugumo mkubwa wa Waiyaki Way, pale Westlands, uliokuwa na zaidi ya miaka 100, uliponea baada ya watu kupiga kelele na Rais kutoa amri usiguswe. Picha za mti ule zilikuwa zimeenea kila simu.

Hiyo ndiyo kazi ya kamera yako ya mtumba. Mti wenye viota vya marabou ukipigwa picha leo, ikiwa na tarehe na mahali, kesho hakuna atakayekuambia kwamba hapo hapakuwa na kitu.

Pa kuanzia: Jumatano asubuhi watu wa Nature Kenya hukutana katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi na kwenda kutazama ndege. Utajifunza majina na tabia zao, na ukijua mwewe atageukia wapi, unambofya kabla hajageuka. Usiwarushie kima chakula ili wakusogelee, na usipande mti wenye kiota kwa ajili ya picha. Ukiwa tauni, funga mshipi wa kamera mkononi, mgongo uelekee ukutani.

Na kama kamera bado, tumia simu. Marabou hakimbii, unaweza kumsogelea.