Seva Inayoganda Bila Kuaga

Kompyuta iliyokufa kabisa haimsumbui fundi. Haiwaki, basi, anapima umeme hatua kwa hatua mpaka afike palipokatika. Inayomkosesha usingizi ni ile inayofanya kazi wiki nzima bila tatizo, kisha usiku mmoja inaganda: feni zinazunguka, taa inawaka, lakini haijibu kitu. Ukiizima na kuiwasha, inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa anayetumia kompyuta kuukuu kama seva ya nyumbani, ya kuhifadhia picha za familia au kurekodi kamera za getini, ugonjwa huu si mgeni, na mara nyingi hutibiwa kwa kubahatisha.

Watu hubahatisha kwa sababu ushahidi haupo. Mfumo endeshi kama Linux huandika matukio yake kwenye logi, lakini kuandika nako ni kazi ya prosesa. Prosesa ikisimama ghafla, karani naye amesimama. Asubuhi unakuta mstari wa mwisho ni wa kawaida kabisa, na unaofuata ni wa kuwashwa upya. Kwa hiyo usikimbilie kitufe cha kuzimia. Kwanza ujue kipi kimeganda. Ipigie ping, yaani itumie ujumbe wa kuijaribu kupitia mtandao, kutoka kwenye kompyuta nyingine. Ikijibu ilhali huwezi kuingia, kiini cha mfumo kiko hai, na wa kushukiwa ni diski au programu iliyomaliza nafasi ya RAM. Kama haijibu, na taa ya Caps Lock kwenye kibodi haibadiliki unapobonyeza, huenda kiini chenyewe kimesimama. Hapo anza kuvishuku vifaa.

Seva nyingi za nyumbani zilianza maisha ofisini. Kompyuta ya ofisi inayowashwa saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hufanya kazi saa 2,000. Ikigeuzwa seva haizimwi tena, na mwaka una saa 8,760. Yaani mwaka mmoja wa useva ni zaidi ya miaka minne ya ofisini, na kifaa kinachozihisi saa hizo kuliko vingine ni kapasita.

Kapasita za aina ya elektroliti ni vile vikopo vidogo vya duara vilivyosimama kwenye ubao mama na ndani ya pawa saplai. Ukikipasua kimoja utakuta foili za alumini zilizoviringishwa kama mkeka, katikati yake karatasi iliyolowa kimiminika. Kazi yake ni kutuliza umeme. Mahitaji ya prosesa hupanda na kushuka kwa kasi ambayo pawa saplai haiwezi kuifuata, na kapasita zilizo jirani ndizo zinazoziba pengo. Kimiminika kile hupungua polepole kupitia mpira wa kuzibia, ukinzani wa ndani unaongezeka, na volti inaanza kutikisika. Mtikisiko wa kitambo kidogo tu, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, unatosha kuifanya prosesa isome 0 mahali palipo na 1. Amri moja ikisomeka vibaya, mashine inaweza kuganda.

Adui mkubwa ni joto. Kapasita nyingi huandikwa ubavuni nyuzi 105, na ya kawaida huahidiwa saa 2,000 katika joto hilo. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto likipungua kwa nyuzi 10, umri huongezeka maradufu. Ikikaa kwenye nyuzi 65 itafikisha saa kama 32,000, ambazo kwa seva isiyozimwa hazitimizi miaka minne. Ipoze hadi 55, inakaribia miaka saba na kitu. Seva iliyofungiwa kabatini Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, vumbi limeziba feni, inaweza kuishi nusu tu ya umri wa pacha wake aliyeko kwenye baridi ya Nairobi. Kupuliza vumbi kwa bloa ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa.

Kapasita zina historia mbaya pia. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, soko la dunia lilijaa kapasita zenye elektroliti mbovu, nyingi zikitoka kwa watengenezaji wa Taiwan. Ndani yake ilizalika gesi ya haidrojeni, vichwa vikavimba na kupasuka. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 za kukarabati kompyuta zake za OptiPlex zilizoathirika. Ukiwa na mashine ya enzi hizo, fungua kava umulike kwa tochi: kichwa cha kapasita kinatakiwa kuwa bapa. Kikituna, umepata jibu.

Lakini kichwa bapa si cheti cha afya, na hata mita ya fundi inaweza kukupumbaza. Laini ya volti 12 inaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6, lakini mita itakuonyesha 12.1 safi kwa sababu inasoma wastani, haioni mtikisiko. Kuna pia jambo la umeme unaokatika kufumba na kufumbua. Pawa saplai nzima hustahimili pengo la milisekunde 16 hivi, ambazo hazifiki mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50. Kapasita zikizeeka, muda huo unafupika, na mkatiko wa umeme ambao zamani ulipita bila kuonekana sasa unaiangusha seva. Mwenyewe analaumu programu aliyoweka juzi.

RAM ndiyo mshukiwa wa pili. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walionyesha kwamba chembe za alfa, zitokazo kwenye mabaki ya urani na thori ndani ya vifuniko vya chipu, zinaweza kugeuza biti. Miale kutoka angani nayo huweza. Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa mwaka 2003, mgombea mmoja alipata huko Schaerbeek kura 4,096 za ziada, idadi ambayo ni 2 kwa kipeo cha 12. Biti moja iligeuka, na wengi wakaishuku anga. Kisa kitamu, ila seva inayoganda kila wiki haipigwi na anga kila wiki. Utafiti wa mwaka 2009 kwenye seva za Google ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vya RAM vikipata kosa angalau moja kwa mwaka, na dalili zilionyesha ubovu wa vijiti vyenyewe. Acha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha, kisha jaribu kijiti kimoja kimoja. Pwani, kuchomoa kijiti na kukirudisha tu kunaweza kuondoa kutu ya miguuni.

Zipo pia mashine zinazoganda zikiwa zimepumzika. Prosesa za kisasa hujizima sehemu sehemu ili kubana umeme, na baadhi hushindwa kuamka. Prosesa za Intel za Bay Trail zilijulikana kwa hilo kwenye Linux, na Ryzen za kwanza za mwaka 2017 nazo zililalamikiwa. Dawa huwa ni kuzuia usingizi mzito kwenye mipangilio. Ndiyo maana inafaa kuuchokoza ugonjwa: ibebeshe seva kazi nzito saa kadhaa. Ikiganda, fuata joto na umeme. Ikivumilia kazi na kuganda usiku wa manane, fuata usingizi.

Sasa hesabu inayowaponza wengi. Tuseme seva huganda kwa wastani mara moja kila siku 7, bila mpangilio. Umebadilisha RAM, siku 7 zimepita kimya, unatangaza ushindi. Hata kama hukutibu chochote, uwezekano wa kupita siku 7 salama ni asilimia 37. Siku 14, kama asilimia 14. Ni baada ya siku 21, mara tatu ya wastani, ndipo unaposhuka hadi asilimia 5. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo utapona bila kujua dawa ilikuwa ipi.

Kabla ya majaribio yoyote, nakili data zako mahali pengine. Na ukishuku pawa saplai, usiifungue: kapasita zake kubwa hushika zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki nazo kwa muda hata baada ya waya kuchomolewa. Weka nyingine.