Kuhesabu Matokeo Kabla ya Kukokotoa Uwezekano: Mpangilio wa Mazoezi kwa Wanafunzi wa Sekondari

1.0 Utangulizi

Katika muhtasari wa Hisabati wa mwaka 2005, uliotumika kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Tanzania, uwezekano ni mada ya Kidato cha Nne. Kanuni yake ya msingi ni fupi: idadi ya matokeo yanayotakiwa hugawanywa kwa idadi ya matokeo yote. Hata hivyo, kanuni hiyo ina sharti, nalo ni kwamba kila tokeo linalohesabiwa liwe na nafasi sawa ya kutokea. Kanuni hukaririwa kwa urahisi, lakini sharti husahaulika. Makala haya yanafafanua kwamba ugumu wa maswali ya uwezekano hauko katika kugawanya, bali katika kuamua ni kitu gani kihesabiwe kuwa tokeo moja. Aidha, yanaonesha kuwa baadhi ya mazoezi huficha kosa la uamuzi huo kwa kutoa jibu sahihi.

2.0 Maana ya kila siku na maana ya kihisabati

Neno uwezekano limetokana na kitenzi weza. Katika mazungumzo ya kawaida, jambo ama linawezekana ama haliwezekani. Katika hisabati, neno hilohilo hutaja kipimo kinachoanzia 0 hadi 1. Mwanafunzi anayebaki na maana ya kwanza huyaona mambo yote yanayowezekana kuwa na uzito mmoja: yakiwa matatu, kila moja hupewa theluthi.

Kosa hili si dalili ya uzembe. Mwaka 1754, mwanahisabati wa Ufaransa Jean le Rond d'Alembert alijadili katika Encyclopédie uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja sarafu ikirushwa mara mbili. Alihoji kwamba kichwa kikitokea mara ya kwanza hakuna haja ya kurusha tena. Hivyo hali ni tatu, na mbili kati yake zinafaa. Jibu lake likawa 2/3, ilhali jibu sahihi ni 3/4.

Sarafu ya Tanzania ya shilingi 100, yenye uso wa Mwalimu Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili, inatosha kulidhihirisha jambo hilo darasani. Uso ukiandikwa U na swala S, matokeo ya kurusha mara mbili ni UU, US, SU na SS. Matatu kati ya hayo manne yana U. Hali aliyoihesabu d'Alembert kuwa moja, yaani uso kutokea mara ya kwanza, ina matokeo mawili ndani yake.

3.0 Dadu na suala la mfuatano

Dadu hulionesha tatizo hili kwa upana zaidi. Dadu mbili zikirushwa pamoja, mwanafunzi anaweza kuorodhesha jozi bila kujali dadu ipi imeonesha namba ipi. Atapata jozi 21, na jozi zenye jumla ya 7 zitakuwa tatu: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Atajibu 3/21, yaani 1/7. Dadu moja ikipakwa rangi nyekundu na nyingine ikaachwa nyeupe, matokeo huwa 36, na yenye jumla ya 7 huwa 6. Jibu sahihi ni 1/6.

Sababu ya tofauti hiyo yapasa kuelezwa waziwazi. Kati ya jozi 21, jozi 15 zina namba mbili tofauti na kila moja hutokea kwa njia mbili. Jozi 6 zina namba zinazofanana na kila moja hutokea kwa njia moja tu. Kwa hiyo 15 × 2 + 6 = 36. Jozi hizo 21 hazina nafasi sawa, na sharti la kanuni limevunjwa.

Mwanzoni mwa karne ya 17, Galileo alieleza fumbo la namna hiyo kuhusu dadu tatu. Jumla ya 9 na jumla ya 10 hupatikana kila moja kwa mafungu sita ya namba, lakini wachezaji waliona 10 ikijitokeza zaidi. Mfuatano ukizingatiwa, 9 ina njia 25 na 10 ina njia 27 kati ya 216.

4.0 Jibu sahihi linaloficha kosa

Zoezi la kuchukua vitu mfukoni lina tabia tofauti. Mfuko una gololi tatu nyekundu na mbili za buluu. Gololi mbili zinachukuliwa bila kurudishwa. Mwanafunzi anayezingatia mfuatano hupata njia 20, na 6 kati yake ni za nyekundu mbili: 6/20, yaani 3/10. Asiyeuzingatia hupata jozi 10, na 3 kati yake zinafaa: tena 3/10. Njia zote mbili ni halali, kwa kuwa gololi moja haiwezi kuchukuliwa mara mbili, na hivyo kila jozi ina mifuatano miwili kamili.

Hapa ndipo penye hatari kwa mtahini. Swali hili pekee haliwezi kumtenga mwanafunzi anayejua kwa nini mfuatano unaweza kupuuzwa na yule anayeupuuza daima. Gololi ya kwanza ikirudishwa mfukoni kabla ya kuchukua ya pili, tofauti hujitokeza: jibu sahihi ni 9/25, ilhali jozi zisizo na mfuatano ni 15, zinazofaa ni 6, na jibu huwa 2/5.

5.0 Lugha ya maswali ya kuhesabu

Kitenzi chagua hutumika kwa kazi mbili tofauti. Kuchagua mwenyekiti na katibu miongoni mwa wanafunzi watano kuna njia 20; kuchagua wajumbe wawili wenye hadhi sawa kuna njia 10. Kitenzi hakibadiliki, bali kinachotofautisha ni majukumu. Mtunzi wa swali asipoyataja, hupima uwezo wa kubahatisha nia yake badala ya kupima hisabati.

6.0 Hitimisho

Mazoezi yanapaswa kuanza kwa kuorodhesha matokeo ya vitu vilivyotiwa alama, kabla ya kanuni yoyote. Yafuate maswali pacha, yaani gololi bila kurudisha na gololi kwa kurudisha, au gololi na dadu, yakiwekwa sambamba ili mwanafunzi aeleze kwa nini njia moja imefaa upande mmoja na kushindwa upande wa pili. Katika usahihishaji, alama zitengwe kwa ajili ya orodha ya matokeo na hoja ya usawa wake, kwa kuwa 3/10 iliyoandikwa peke yake haioneshi mwanafunzi amehesabu nini.