Aliyepona Ebola na Bado Anaumwa

Pengine katika kanisa lako yuko mama aliyepona Ebola. Alirudi nyumbani na barua ya mganga, na watu wakamshukuru Mungu. Sasa miezi mingi imepita. Hawezi kufika shambani bila kukaa njiani mara mbili. Magoti yanamwuma, kichwa kinamwuma, na maneno ya asubuhi anayasahau jioni. Watu wanasema, "Ni mvivu," au, "Amelogwa."

Mama huyu hasemi uongo. Katika mwaka 1995 Ebola iliua watu karibu 250 huko Kikwit. Waliopona waliendelea kulalamika, na waganga wakawasikiliza. Walichagua 29 waliopona, wakawapima pamoja na watu wa nyumba zao. Kwa nini watu wa nyumba? Kwa sababu kila mtu huumwa goti siku moja. Bila kulinganisha, huwezi kujua maumivu yametoka wapi. Wakaona kwamba viungo viliwauma waliopona kuliko jamaa zao. Tena wanne wa Kikwit waliumwa macho, na wote wanne walipata nafuu kwa dawa ya matone.

Nchini Liberia, tangu 2015, walipimwa 966 waliopona na watu 2,350 waliokuwa karibu nao. Kati ya kila 100 waliopona, 26 walikuwa na uvimbe ndani ya jicho. Kati ya wale wengine, 12 tu. Kijidudu cha Ebola chaweza kujificha ndani ya jicho, mahali ambapo walinzi wa mwili hawaingii kwa urahisi.

Kwa hiyo, wewe uliyepona, jicho likiuma, likiwa jekundu, likitoa machozi au kuogopa mwanga, njoo hospitali siku ile ile. Usitie maji ya majani. Jicho lililochelewa laweza kupofuka.

Na ninyi wazee wa kanisa, je, mnampita huyu mama kwenye Meza ya Bwana? Kumshika mkono hakuleti Ebola, wala kula naye sahani moja. Yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, Bwana Yesu alisimama njiani ili amsikie akieleza habari yake yote, ingawa watu walikuwa wanasukumana.

Liko jambo moja la kuangalia, nalo tuliseme wazi. Kijidudu chaweza kukaa katika mbegu za mwanamume miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Mwanamume aliyepona apimwe hospitali, na atumie kondomu mpaka vipimo viwili vionyeshe kwamba hakuna kitu. Mama anayenyonyesha naye aulize mganga kwanza.

Katika ugonjwa wa 2018 mpaka 2020, huku Kivu ya Kaskazini na Ituri, walipona zaidi ya watu 1,100. Wengine hawarudi kwa mganga kwa sababu wanaogopa kuchekwa. Mzee mmoja au mama mmoja wa kanisa amsindikize mgonjwa, aketi naye, na akisahau amkumbushe: uchovu ulianza lini, ni kiungo gani, analala namna gani. Mlete na ile barua aliyopewa siku alipotoka, na mwambieni mwuguzi tangu mlangoni kwamba huyu alipona Ebola.