Lamu: Mji Usio na Magari na Wanaoubeba

Wengi wetu tukisikia neno "mtalii" tunamfikiria Mzungu mwenye kamera shingoni. Lakini mfanyakazi wa Uganda naye ana likizo yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka, na hakuna palipoandikwa kwamba lazima azimalize akipalilia migomba ya mjomba. Sisi watu sita wa tawi letu tuliweka akiba kidogo kidogo, tukaenda Lamu, kisiwa cha pwani ya kaskazini ya Kenya. Mpakani tulionyesha kitambulisho cha taifa, basi.

Safari ni ndefu. Kutoka Mombasa basi linapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, na hapo barabara inaishia baharini. Kuna vizuizi vingi vya polisi, kwa kuwa nchi ile ilipata msiba mkubwa Mpeketoni mwezi wa Juni 2014. Mokowe tukaingia boti ya injini, na baada ya muda mfupi tukauona mji wote umejipanga ukingoni mwa maji.

Mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Njia zake ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Hata njia kuu, ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui, huwezi kuipitisha gari. Yapo magari machache ya kazi za serikali na ya wagonjwa kandokando, lakini ndani ya mji wa kale ni miguu ya mtu na kwato za punda. Sisi wa Kampala, tuliozoea honi tangu alfajiri, usiku wa kwanza tulikosa usingizi kwa ajili ya kimya. Halafu punda wakaanza kulia, tukalala.

Basi, ikiwa hakuna lori, saruji inafikaje? Swali hili ndilo lililotushika siku zote nne, likatusahaulisha hata kuogelea Shela. Tulikaa gatini asubuhi tukahesabu vinavyoshuka: saruji, mchanga, kreti za soda, mitungi ya gesi, magunia ya unga, godoro, jokofu. Kila kitu kilitoka katika jahazi kikaingia begani mwa hamali au juu ya mkokoteni, kisha mgongoni mwa punda, mpaka mlangoni. Nyumba ya kulala wageni ya ghorofa tatu imebebwa hivyo, jiwe kwa jiwe. Na mgeni akilala darini akipigwa na upepo, akisifu utulivu wa Lamu, anasifu migongo ya watu asiowajua.

Watu wa Lamu husema asiye na punda ni punda yeye mwenyewe. Punda wa huko wana hospitali yao, iliyofunguliwa na shirika la Uingereza mwaka 1987, na hutibiwa bure. Tulifurahi kwa ajili ya wanyama hao. Lakini tulipomwuliza mzee mmoja hamali, "Na wewe, mzee wetu, ukivunjika mgongo unatibiwa wapi?" alicheka sana, akasema, "Wanangu, mimi si punda." Hulipwa kwa mzigo. Hana mkataba, hana akiba ya uzeeni, na siku ya mvua hana kitu. Manahodha wa kutembeza wageni hali yao ni hiyo hiyo. Walitusimulia miaka iliyowakausha: 2011, wageni walipotekwa nyara katika visiwa vile, 2014, baada ya Mpeketoni, na 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege. Mashua zikakaa mchangani, na hapakuwa na mwajiri wa kudaiwa hata senti.

Tulizuru Ngome, iliyoanza kujengwa kama mwaka 1813 na kumalizika 1821. Kwa miaka mingi, mpaka 1984, ilikuwa gereza, na sasa ni makumbusho. Kijana aliyetuongoza alieleza vizuri sana juu ya milango ya nakshi na vidaka vya ukutani. Mwenzetu mmoja, fundi mwashi, akauliza nani alivunja mawe yale na nani alichoma chokaa. Kijana akajibu kwa ukweli kwamba kazi nyingi nzito ya zama zile ilikuwa ya watumwa, na kwamba utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kwa sheria mwaka 1907 tu. Tungependa habari hiyo ielezwe kabla ya mtu kuuliza.

Jioni, barazani, tulibishana. Pikipiki zimefika kisiwani, na serikali ya kaunti imejitahidi kuzizuia zisiingie mji wa kale. Vijana wenye pikipiki wanalalamika kwamba wananyimwa riziki. Wenye punda wanasema pikipiki moja hula kazi yao. Sisi tunaotoka nchi ya boda boda tuligawanyika. Wawili walisema kazi ya kubeba saruji kwa bega si urithi wa kuhifadhiwa kwa ajili ya picha za wageni. Wanne tulisema gari likiingia, faida itakwenda kwa mwenye gari, na hamali hataajiriwa hata kuliosha. Mpaka tunapanda basi hatukupatana.

Ng'ambo, upande wa bara, kuna jambo zito zaidi. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli katika gati lake la kwanza mwezi wa Mei 2021. Wakati fulani bomba la mafuta yetu ya Hoima lilifikiriwa kupita huko, kabla serikali yetu kuchagua Tanga mwaka 2016. Wavuvi kama 4,600 walishitaki kwamba ujenzi uliharibu mahali pao pa kuvua, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Wavuvi, ndugu zangu! Watu wasio na kadi ya mwajiri wala ofisi, lakini walisimama pamoja. Makatibu wa matawi wanaosema vibarua hawapangiki waisome habari hiyo mara mbili.

Kwa atakayekwenda: vaa kwa heshima, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, na patana bei ya mzigo kabla haujainuliwa, kisha usiipunguze ukishafika. Kiswahili chetu kitachekwa kidogo, maana wao njia huiita ndia na macho huyaita mato, lakini chai utapewa. Wanaotaka kuingia katika mfuko wa safari ijayo wamwone mweka hazina wa tawi baada ya mkutano wa mwezi.